Sura ya Tano: Kuoka Bila Tanuri, Kula Bila Israfu

Miongoni mwa maswali ambayo watu wa nyumbani huulizana mara kwa mara, sokoni, kisimani na baada ya ibada, ni hili: je, mtu asiye na tanuri, asiye na siagi, na ambaye fedha yake ya juma ina haja nyingi zinazoigombania, aweza kuoka mkate wa kupendeza nyumbani kwake, au kuoka ni anasa ya wenye mali na wenye maduka? Jibu la sura hii ni kwamba aweza, na aweza vizuri, kwa sharti moja tu, nalo ni kujua kila kitu kinachoingia katika mkate huingia kwa kazi gani. Maana mtu ajuaye kazi ya kitu, kitu hicho kikiadimika au kikipanda bei, hutafuta kingine chenye kazi ile ile. Bali ajuaye jina lake tu, kikikosekana huinuka jikoni mikono mitupu.

Nitaieleza habari hii kwa mfano wa Kalenga, kijiji kilicho kando ya Mto Ruaha Mdogo, mwendo mfupi kutoka mji wa Iringa kwa njia iendayo Hifadhi ya Ruaha. Wengi wamelisoma jina la Kalenga katika vitabu vya historia, kwa kuwa hapo palisimama ngome ya Mkwawa, mtwa, yaani chifu, wa Wahehe, iliyovunjwa na majeshi ya Wajerumani mwezi wa Oktoba mwaka 1894, na kwa kuwa fuvu la mtwa huyo, lililorejeshwa mwaka 1954, limehifadhiwa katika makumbusho ya hapo. Kwa mwokaji, Kalenga ina fadhila nyingine: imezungukwa na vyakula. Mahindi, maharage na alizeti vyalimwa mkoani. Mchele hutoka katika bonde la Pawaga. Viazi mviringo hutoka katika nchi ya baridi ya Njombe. Na ndizi hutoka Rungwe, mkoa jirani wa Mbeya. Ghala hii yote i karibu, na aghalabu twaipita tukienda kununua mkate uliosafiri kutoka mjini.

Kitu kimoja katika orodha ya mwokaji aghalabu hutoka mbali, nacho ni unga wa ngano. Ngano hulimwa katika nyanda zetu za baridi, Makete, Njombe na sehemu za Mbeya, illa mavuno ya nchi hayatoshi, na sehemu kubwa ya ngano tunayoila huja kwa meli kutoka ng'ambo. Kwa hiyo vita vilipozuka nchini Ukraine mwezi wa Februari mwaka 2022, bei ya ngano ilipanda duniani, na mama aliyekuwa akikanda maandazi ya chai ya watoto wake alikiona kishindo chake katika kipimo cha unga, ingawa vita vyenyewe vilikuwa mbali naye kwa maelfu ya maili. Hapo ndipo uwekevu unapoanza: kuutumia unga wa ngano mahali usipokuwa na badala, na mahali penginepo kuwatwisha mahindi, mchele na viazi sehemu ya mzigo wake.

Mambo manne katika mkate mmoja

Kila mkate, uwe boflo la dukani, uwe mkate wa kumimina wa pwani, uwe keki ya harusi, husimama juu ya mambo manne, na mkate ukiharibika, hitilafu hupatikana katika mojawapo ya hayo:

1. Mwili, yaani kile kinachoshika umbo: unga, na pengine mayai.
2. Pumzi, yaani hewa inayouinua na kuufanya mwepesi: hamira, chachu au magadi.
3. Ulaini, yaani vitu vinavyouzuia kukauka na kuwa mgumu: maji, maziwa, mafuta na sukari.
4. Moto, ambao huukomaza mwili kabla pumzi haijatoroka.

Tutautazama mwili, pumzi na moto kimoja baada ya kingine, na ulaini utajitokeza katika vipimo vyenyewe, kisha tutayakusanya yote manne katika mikate mitatu ya kuanzia.

Mwili: unga na marafiki zake

Unga wa ngano una sifa ambayo nafaka zetu nyingine hazina. Ukikutana na maji na kukandwa, protini zake hushikana na kufanya utando unaonyumbuka, uitwao gluteni, na utando huo ndio unaoikamata hewa ya hamira isitoroke. Ukitaka kujua kama umekanda vya kutosha, kata donge dogo, livute polepole kwa vidole vya mikono miwili mpaka liwe jembamba kiasi cha kupenyeza nuru. Likikatika mapema, endelea kukanda. Kazi hii huchukua yapata dakika kumi, haina gharama yoyote, na hakuna kiungo cha dukani kinachoweza kuifidia kwa mtu aliyeifanya kwa pupa.

Mahindi, mchele, ulezi, mtama na muhogo havina gluteni. Kwa sababu hiyo, mtu akifanya mkate wa mahindi matupu kwa taratibu zile zile za ngano, hupata kitu kizito kisichoumuka. Hili si kosa la mahindi; ni kosa la kuyapa kazi isiyo yao. Ziko njia tatu za kuyatumia kwa haki:

- Kuchanganya. Katika mkate wa kukandwa, sehemu moja katika tano ya unga wa ngano yaweza kutolewa na mahali pake pakatiwa unga wa mahindi au wa ulezi, na mkate ukaumuka vizuri.
- Kumimina. Rojo la mchele au la mahindi hutiwa katika chombo, na kuta za chombo hulishikilia mpaka moto ulikomaze.
- Kufungamanisha. Yai, ambalo hukaza likipata joto, huushika unga usio na gluteni.

Rafiki mwingine, ambaye watu wa Iringa, Njombe na Mbeya wamejaliwa kuwa naye tele, ni kiazi mviringo. Kiazi kilichochemshwa, kikapondwa hata kisiwe na vidonge, kikitiwa katika kinyunga, yaani donge la unga uliokandwa, hufanya mambo matatu kwa pamoja: huongeza wingi wa mkate pasipo kuongeza ngano, huilisha hamira kwa wanga wake, na huhifadhi unyevu, hata mkate ukaliwa siku ya pili bado ni laini. Maji yaliyochemshia kiazi nayo yasimwagwe, kwa sababu ndiyo yatakayokandia.

Kwa ufupi: ngano ina gluteni na nafaka hizo nyingine hazina. Changanya kidogo, mimina, fungamanisha kwa yai, na ongeza kiazi.

Pumzi: hamira, chachu na magadi

Hamira ni kitu chenye uhai. Zile punje kavu za paketi ni kuvu wadogo mno waliolala. Wakipata maji, uvuguvugu na chakula huamka, hula sukari, na hutoa hewa ya kaboni ambayo huuinua unga. Maadamu ina uhai, yaweza pia kufa: maji ya moto yasiyovumilika kwa kidole huiua, na maji ya baridi huichelewesha. Kipimo chepesi ni kutumbukiza kidole kidogo. Ukihisi uvuguvugu wa kupendeza, kama maji ya kumwoshea mtoto mchanga, hayo ndiyo yatakiwayo. Nayo hamira ya mashaka ijaribiwe kabla ya kumwaga unga: koroga kijiko cha chai kimoja katika nusu kikombe cha maji vuguvugu na sukari kidogo, isipotoa povu baada ya dakika kumi na tano, imekufa, na unga wako umesalimika.

Kabla ya hamira za paketi kuenea, watu walijua kuumua unga kwa chachu. Pwani, tembo la mnazi lilikuwa msaada mkubwa katika vitumbua na mikate ya mchele. Nyanda za juu zina togwa, kinywaji ambacho watu wengi wa kusini wamelelewa nacho: uji wa mahindi hupozwa, ukatiwa kimea, yaani ulezi uliolowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa, kisha ukaachwa uchachuke. Ndani ya togwa iliyochachuka mna vijidudu viletavyo ukali mtamu na, pamoja navyo, kuvu wa jamii ya hamira. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya hamira ya duka, kwa hiyo shauri langu ni kutoa nusu ya maji ya kukandia na kutia togwa mahali pake, pamoja na hamira nusu ya kipimo cha kawaida, kisha kuuacha unga usiku kucha. Hamira hupungua, na mkate hupata ladha ambayo paketi peke yake haiwezi kuileta.

Njia iliyo rahisi kupita zote ni kuhifadhi kinyunga. Kila ukandapo, kabla ya kutia mafuta, kata donge la ukubwa wa yai, liweke katika bakuli lililofunikwa, mahali pa baridi, na siku ya pili au ya tatu lichanganye katika unga mpya. Anayefanya hivi kwa uaminifu hununua hamira kwa nadra.

Magadi yana tabia nyingine. Beking soda, magadi laini ya dukani yatumikayo katika keki, haina uhai wala haihitaji kungojewa. Yenyewe hutoa hewa mara inapokutana na kitu kikali, kama mtindi, maji ya limau, au ndizi iliyoiva hata ganda likawa na madoa meusi. Nusu ya kijiko cha chai hutosha kikombe kimoja cha mtindi. Ikizidi, keki hupata ladha ya sabuni na rangi ya kikahawia isiyotakiwa. Wala isichanganywe na mawe ya magadi yanayotiwa katika maharage ili yaive upesi, ambayo ni makali zaidi. Beking pauda nayo ni beking soda iliyokwisha kuchanganywa na kitu kikali kikavu na wanga kidogo; aliyeikosa aweza kuweka, mahali pa kijiko cha chai kimoja, robo ya kijiko cha beking soda pamoja na nusu ya kijiko cha maji ya limau.

Kwa ufupi: hamira huhitaji uvuguvugu na subira, magadi huhitaji ukali na haraka. Rojo lililotiwa magadi lipelekwe motoni upesi, kabla hewa yake haijapotea.

Kwa nini keki za nyanda za juu huanguka katikati?

Swali hili lastahili fungu lake lenyewe, kwa kuwa limewavunja moyo waokaji wengi wasio na hatia. Mtu wa Iringa hupewa na nduguye wa Dar es Salaam kipimo cha keki ambacho huko hakijapata kumwaibisha mtu. Naye akakifuata neno kwa neno. Keki ikapanda kwa fahari, na kabla haijaiva ikazama katikati. Husema mkono wake ni mbaya. Mkono wake ni mwema. Kilichobadilika ni hewa.

Mji wa Iringa uko yapata mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Mbeya yapata mita 1,700. Katika kimo hicho uzito wa hewa inayotukandamiza hupungua kwa karibu sehemu moja katika sita kuliko pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100. Ndiyo sababu maharage huchukua muda mrefu zaidi kuiva Mbeya kuliko Tanga, ingawa sufuria yachemka kwa nguvu ile ile. Katika keki, upungufu huo huleta mambo mawili. La kwanza, vipovu vya hewa, kwa kukosa mkandamizo, hutanuka upesi mno, na keki hupanda kabla mwili wake haujakomaa, kisha huanguka. La pili, maji hukauka haraka, na keki hubaki kavu. Dawa yake ni kupunguza na kuongeza kwa kadiri:

- Kwa kila kijiko cha chai cha beking pauda, punguza hata robo yake.
- Kwa kila kikombe cha maji au maziwa, ongeza vijiko viwili vya chakula.
- Kwa kila kikombe cha sukari, punguza kijiko kimoja cha chakula.
- Anza na moto wenye nguvu kidogo kuliko ulioagizwa, ili mwili ukomae mapema.

Tazama jinsi nchi ya juu inavyomsaidia mwekevu: sukari na beking pauda, ambavyo ni vya kununua, vyapungua, kinachoongezeka ni maji.

Unga wa hamira nao huumuka upesi zaidi katika kimo hiki, lakini baridi ya mwezi wa Juni na Julai huweza kuuzuia kabisa. Kwa hiyo saa isiwe hakimu wako. Unga umekuwa tayari ulipofikia maradufu ya ukubwa wake wa kwanza, iwe ni kwa saa moja ya mchana wa jua au kwa saa tatu za asubuhi ya ukungu. Wakati wa baridi, bakuli na lifungwe katika blanketi karibu na jiko lililopikia chai, mbali na miali ya moto.

Moto: tanuri iliyo ndani ya sufuria

Tanuri si kitu ghairi ya chumba chenye joto linalotoka pande zote. Watu wa pwani walilijua jambo hili zamani. Mikate ya mayai na ya kumimina iliokwa, na katika nyumba nyingi bado huokwa, kwa kupalia, yaani kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko ilhali moto mwingine uko chini. Jiko la mkaa, sufuria nene na sinia kuukuu vyatosha kuijenga tanuri hiyo:

1. Tandaza ndani ya sufuria kubwa mchanga safi, mkavu, uliochekechwa, unene wa vidole viwili. Mchanga huzuia joto la chini lisiunguze, na huligawa sawasawa.
2. Weka juu ya mchanga vijiwe vitatu vilivyolingana, au kisahani cha chuma kilichofudikizwa.
3. Funika na upashe moto kwa dakika kumi na tano kabla ya kutia mkate.
4. Mkate uwe katika chombo kidogo kuliko sufuria, ili hewa ya moto ipite kati yao kwa upana wa vidole viwili.
5. Funika kwa sinia la chuma, kisha palia. Gawa makaa yako mafungu matatu: mawili juu, moja chini.
6. Usifunue kwa dakika ishirini za kwanza, hata harufu ikikushawishi. Baada ya hapo chomeka kijiti kikavu katikati. Kikitoka safi, keki imeiva. Mkate wa kukandwa hupimwa kwa kugongwa chini. Ukitoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani, umeiva.

Mwenye jiko la gesi aweza kutumia sufuria ile ile ya mchanga kwa moto mdogo, lakini kwa kuwa hana makaa ya juu, na augeuze mkate juu chini katika dakika kumi za mwisho ili nao upande wa juu upate rangi. Mwenye chungu cha udongo, kama vile vyungu vya Wakisi vifinyangwavyo Ikombe, pwani ya Ziwa Nyasa, aweza kukitumia mahali pa sufuria, mradi akipashe polepole, maana udongo haupendi kushtushwa.

Tahadhari moja isisahauliwe: makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika. Oka nje, barazani, au mahali penye madirisha wazi. Kamwe usiliingize jiko la makaa katika chumba kilichofungwa kwa kukimbia baridi.

Mikate mitatu ya kuanzia

Katika vipimo vifuatavyo kikombe ni cha mililita 250, na vyote vimekwisha kurekebishwa kwa ajili ya nyanda za juu.

*Mkate wa viazi*

- Unga wa ngano nusu kilo, yaani vikombe vinne hivi
- Viazi viwili vya wastani, vilivyochemshwa na kupondwa
- Hamira kijiko kimoja na nusu cha chai
- Sukari kijiko kimoja cha chakula, chumvi kijiko kimoja cha chai
- Mafuta ya alizeti vijiko viwili vya chakula
- Maji vuguvugu yaliyochemshia viazi, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kimoja

Changanya vitu vikavu pamoja na viazi, kisha tia maji kidogo kidogo, kwa sababu viazi vina maji yao na havifanani. Kanda kwa dakika kumi, ukitia mafuta mwishoni. Funika mpaka unga uwe maradufu, ushindilie kwa ngumi, utengeneze umbo, uweke katika chombo kilichopakwa mafuta, na uuache uumuke mara ya pili kwa muda mfupi kuliko wa kwanza. Oka kwa dakika thelathini na tano hadi arobaini na tano. Usiukate ukiwa wa moto, kwa maana mvuke uliomo ndani bado wamalizia kuuivisha.

*Mkate wa kumimina wa chenga*

- Chenga za mchele vikombe viwili
- Maziwa au tui zito, kikombe kimoja na robo
- Sukari nusu kikombe
- Hamira kijiko kimoja cha chai
- Hiliki punje nne na chumvi kidogo

Chenga, yaani mchele uliokatika mashineni, huuzwa kwa bei ya chini kwa kuwa haupendezi katika pilau. Lakini hapa mchele utasagwa, na aliyenunua mchele mzima amelipia urembo atakaouharibu kwa mikono yake. Chenga za Pawaga, Mbarali au Kyela zote zafaa. Loweka usiku kucha, mwaga maji, saga pamoja na maziwa na hiliki mpaka pawe laini kabisa, kisha tia hamira, sukari na chumvi, ufunike. Povu likijaa juu, pasha chombo kilichopakwa mafuta, mimina rojo pasipo kulikoroga tena, na uanze na moto mdogo wa chini. Kando zikishika na vishimo vikitokea juu, palia makaa mpaka uso upate rangi ya dhahabu. Nazi hupata bei ikipanda milima. Maziwa ya ng'ombe hufanya kazi yake kwa uaminifu, ingawa ladha itakuwa nyingine.

*Mkate wa mahindi na mtindi*

- Unga wa mahindi kikombe kimoja na unga wa ngano kikombe kimoja
- Beking soda nusu kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai
- Sukari vijiko vitatu vya chakula
- Mtindi kikombe kimoja na robo
- Yai moja, na mafuta ya alizeti vijiko vitatu vya chakula

Changanya vikavu peke yake na vya majimaji peke yake; vikutanishe kwa mwiko, mikorogo michache tu, na utie motoni mara moja. Dakika thelathini hutosha. Dona huleta ladha nzito na ya shamba. Sembe huleta ulaini. Mkate huu waenda vema na maharage kama uendavyo na chai.

Kitu kikikosekana

Hapa ndipo msomaji atakapoona faida ya kuuliza kazi badala ya jina:

- Siagi, ambayo kazi yake ni kulainisha: kwa kila kikombe, tia robo tatu ya kikombe ya mafuta ya alizeti.
- Yai, ambalo kazi yake ni kufungamanisha: katika keki nyepesi, robo ya kikombe ya ndizi mbivu iliyopondwa hutosha mahali pa yai moja.
- Sukari, ambayo kazi yake ni utamu na unyevu: kwa kila kikombe, tia robo tatu ya kikombe ya asali, ukipunguza vijiko viwili vya chakula vya maji.
- Hiliki, ambayo kazi yake ni harufu: kuna ganda la limau, sehemu ya manjano tu.

Viko viwili visivyo na badala. Chumvi, hata ikiwa kidogo, huitawala hamira isikimbie na huufanya mkate uwe na ladha. Na muda wa kuumuka, ambao aupunguzaye kwa kuongeza hamira hulipa fedha zaidi ili apate mkate mbaya zaidi.

Hesabu ya uwekevu

Uwekevu haukamiliki katika viungo peke yake. Makaa nayo ni fedha, na misitu tunayoikata ni akiba ya watoto wetu. Mwokaji mwenye hekima hawashi moto kwa ajili ya mkate mmoja. Hupika maharage kwanza, na makaa yaliyobaki baada ya maharage ndiyo yanayopaliwa juu ya mkate; au huoka miwili kwa kufuatana, kwa sababu sufuria na mchanga vilivyokwisha kupata moto huhitaji makaa machache kwa mkate wa pili. Mkate uliokauka hautupwi: vipande vyake hurudishwa juu ya moto mdogo mpaka vikawa vikavu kabisa na kufaa kwa chai, au hulowekwa katika maziwa na yai, vikakaangwa.

Nakusihi, msomaji, uwe na daftari. Kila uokapo, andika mambo matano: bei ya unga uliotumika, bei ya hamira au magadi, bei ya vingine, bei ya makaa, na vipande vilivyopatikana. Gawa jumla kwa idadi ya vipande, kisha ilinganishe na bei ya kipande cha mkate wa dukani. Usistaajabu ikiwa mkate wa kwanza hautakupa faida, kwa kuwa makaa ya mtu anayejifunza huwa mengi. Faida huja pale mkono unapozoea, na haba na haba hujaza kibaba. Lakini hata siku ile daftari litakapoonyesha bei sawa kwa sawa, aliyeoka amezidi, kwa sababu anakijua kilichomo katika chakula cha aila yake, na watoto waliomtazama wamepata ujuzi usiopanda bei.

Anza na mkate wa viazi, kwa kuwa husamehe makosa zaidi ya mingine. Ukiharibika, usibadili mambo mengi kwa pamoja: rudi kwenye yale manne, mwili, pumzi, ulaini na moto, badili moja tu, na uandike matokeo. Sura ijayo itaeleza namna ya kuuhifadhi mkate usiote ukungu katika miezi ya mvua, na namna ya kukausha ndizi na viungo vya kuokea wakati bei yake iko chini.